Nibadili Mtaala, Mjomba?

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, kaskazi ilipokuwa imekaza joto lake juu ya kisiwa cha Mombasa, mpwa wangu aliniita nyumbani kwake Tudor baada ya sala ya alasiri, akanikalisha barazani, akanimiminia kahawa, akaniwekea sahani ya halua, na kabla sijamaliza finjani ya kwanza akaleta furushi la vitabu akavipanga kimoja kimoja juu ya mkeka, kama mtu apangaye nguo za marehemu ambazo hajui azigawe au azihifadhi.

“Mjomba,” akasema, “wewe umesomesha miaka thelathini na minne. Nibadili mtaala, au nisibadili?”

Sikumjibu siku ile. Jibu lilinichukua wiki mbili na ushei, na kwa kuwa najua zipo nyumba nyingi ambamo swali hili hili huulizwa usiku, watoto wakiisha kulala, nimeona vyema niyaandike yote niliyoyaona, hata yale yaliyokwenda kinyume na nilivyodhani mwanzo.

Kwanza niieleze nyumba yenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipozifunga shule zote kwa ajili ya maradhi ya korona, mpwa wangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba na wa kike wa miaka minne, wala hana mwalimu isipokuwa nafsi yake. Na milango ya shule ilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari ya mwaka 2021, kijana alikuwa amekwisha kuwatangulia wenziwe kwa kusoma, na binti ndiyo kwanza anazijua herufi, basi yeye na mumewe wakakata shauri kuendelea hivyo hivyo. Vitabu walivipata kwa rafiki aliyekuwa akihama: mtaala mmoja wa Kimarekani, ambao sina haja ya kuutaja jina, uliokamilika tangu kusoma na imla hata sayansi na hesabu, na ambao katika hesabu humtaka mtoto afanye kila siku maswali thelathini yaliyochanganywa, la kwanza la kujumlisha, la pili la pembe, la tatu la saa, la nne la fedha, ili lile alilojifunza wiki sita zilizopita lisimtoke.

Kaka mtu aliupenda mtaala huo tangu siku ya kwanza, naye sasa, akiwa na miaka kumi na mitatu, humaliza kazi yake kabla ya adhuhuri kisha akaenda zake pwani. Dada yake wa miaka kumi, ambaye kwa kusoma hadithi na kuhifadhi sura za Kurani sijaona mwenziwe katika ukoo wetu, hulia kabla kitabu cha hesabu hakijafunguliwa. Mama yake alikuwa amesikia habari za mtaala wa Kisingapore, akasikia na habari za mwingine usio na vitabu vya maswali kabisa, na shoga yake mmoja alikuwa amebadili mara tatu katika miaka miwili, kila mara akisema kwamba huu wa sasa ndio wenyewe.

Dada yangu, mama wa huyo mpwa, aliyekuwa ameketi upenuni akichambua mchicha, hakungoja aulizwe. “Mchagua jembe si mkulima,” akasema, wala hakuinua macho.

Wazee hawakuitunga methali hiyo bure, nami nimeitumia mara nyingi darasani. Hata hivyo, mimi na dada yangu tumelima katika shamba la baba yetu, na yeye ajua kama nijuavyo kwamba jembe la mpini mfupi humvunja mgongo mtu mrefu, na kwamba udongo wa mfinyanzi hautaki jembe la kichangani. Kuchagua si aibu maadamu mtu amekwenda shambani akautazama udongo kwanza. Na hilo ndilo nililoona halijafanywa katika nyumba ile, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimetazamwa sana, vikalinganishwa, vikasifiwa na kulaumiwa, ilhali madaftari ya mtoto hakuna aliyeyafunua.

Lakini kabla ya kufika kwenye madaftari, nina neno kwa wale wanaosema kwamba kusomesha watoto nyumbani ni jambo la kigeni lililotufikia juzi. Katika pwani yetu chuo kilikuwa nyumba ya mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Watoto walikaa chini barazani mwake, kila mmoja na juzuu yake mahali alipofikia, mkubwa akimsikiliza mdogo, na mabinti wengi walipokea elimu yao ndani, kwa mama, shangazi na bibi. Katikati ya karne ya 19, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda hatainuka, alimtungia binti yake utendi wa kumfunza dini, adabu na namna ya kuishi na watu. Mimi huuhesabu utendi ule kuwa mtaala, tena mtaala wa mwanafunzi mmoja, uliotungwa na mtu aliyemjua mwanafunzi wake kwa tabia yake na kwa hofu zake, sifa ambayo hakuna kitabu kilichochapwa kiwandani kinachoweza kuidai.

Kile kilicho kigeni, na ambacho kwa hakika ni kipya, ni soko la mitaala. Mwaka 1906 shule ya Calvert ya mji wa Baltimore ilianza kuuza masomo yake kwa posta, kitabu, karatasi na maelekezo ya mzazi vyote katika kasha moja. Na huko Uingereza bibi mmoja, Charlotte Mason, aliyeishi tangu 1842 hata 1923, alikuwa amekwisha kuanzisha umoja wa wazazi waliopelekewa ratiba za kusomesha majumbani, wakisoma vitabu vya waandishi hodari badala ya muhtasari, wakimtaka mtoto asimulie kwa maneno yake alichosikia, wala somo la mtoto mdogo lisimchoshe kwa urefu. Kwa njia hiyo ya posta, watoto wa wamisionari na walowezi wengi waliokuwa mbali na shule walisomeshwa na mama zao kwa vitabu vilivyopakuliwa melini. Siku zile mama alipokea kasha moja akashukuru. Leo mambo ni mengine: huko Marekani watoto wanaosomeshwa nyumbani, ambao mwaka 1999 walikadiriwa na serikali kuwa 850,000, walifikia kiasi cha milioni 1.7 mwaka 2016, na kila palipo na wanunuzi kwa idadi hiyo wachapaji hawakosekani, hata ikawa mama wa Tudor akifungua simu yake huona mitaala hamsini katika usiku mmoja, na kila mmoja una picha ya mtoto anayecheka.

Wingi huo wa hiari ni neema, wala sisemi vinginevyo. Lakini una jambo lake la siri, nalo ni kwamba mtoto akishindwa, dawa iliyo karibu na mkono ni kununua. Kununua ni haraka, kunapunguza wasiwasi kwa wiki mbili au tatu, na kunampa mzazi hisia kwamba ametenda. Kukaa kando ya mtoto siku kumi na kutazama kalamu yake inakwenda wapi na inakwama wapi ni kazi ndefu isiyo na kasha la kufungua.

Mimi mwenyewe nimeshuhudia taifa zima likibadili mtaala, na mara mbili. Nilikuwa mwalimu kijana wakati darasa la saba la mwaka 1984 lilipoambiwa kwamba mwaka ujao halitakwenda sekondari bali litaingia darasa la nane, jambo ambalo halikuwapo, na wazazi wakachanga fedha za kujenga vyumba vya useremala na sayansi ya nyumbani ilhali mbao na cherehani hazijapatikana. Nilikwisha kustaafu mfumo huo ulioletwa siku zile, ule wa 8-4-4, ulipoanza kuagwa, mtaala wa umilisi ukaingia madarasa ya chini mwaka 2019, na mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ukafanywa mwaka 2023. Sitaki hapa kuhukumu upi ulikuwa bora. Nataka kusema tu nililoliona kwa macho yangu darasani, kwamba watoto walioumia zaidi hawakuwa wale wa mfumo wa zamani wala wale wa mfumo mpya, bali wale waliokuwa katikati ya daraja siku ilipobadilishwa, ambao mada moja walifunzwa mara mbili na nyingine hawakufunzwa kabisa, kwa sababu kitabu cha zamani kiliiweka mbele na kipya kiliiweka nyuma.

Na hata katika vyuo vyetu vya Kurani jambo hili lipo. Sisi tulianza kwa kitabu cha Baghdadia, tukizitaja herufi kwa matamshi ya wazee wetu, be, te, the. Siku hizi vyuo kadhaa vimehamia Nuraniya, ambayo humtaka mtoto atamke kila herufi kwa makharija yake tangu siku ya kwanza. Nimemwona mtoto mwerevu, aliyekuwa karibu kuunganisha maneno kwa njia ya kwanza, akirudishwa kwenye alifu kwa njia ya pili, akanyamaza mwezi mzima. Baadaye akasoma vizuri kuliko kaka zake. Lakini ule mwezi wa kunyamaza ulikuwa wa kweli, na mama yake alipaswa kuambiwa mapema kwamba utakuja.

Basi nilimwomba mpwa wangu anipe madaftari ya binti, yote, tangu la kwanza. Mama huyu, baada ya kupika, kufua na kuwasomesha wawili, husahihisha usiku kwa kitabu cha majibu, akilinganisha jibu na jibu na kutia alama, na sijui mtu ambaye katika hali hiyo angefanya zaidi. Niliyachukua madaftari nyumbani kwangu, nikayasoma siku tatu.

Katika daftari la alipokuwa na miaka minane nilifika kwenye ukurasa wenye picha za saa ishirini, na chini ya kila saa mtoto ametakiwa aandike wakati. Majibu yote ishirini yametiwa kosa kwa wino mwekundu. Nikatazama la kwanza: mshale mfupi uko kwenye tatu, mtoto kaandika tisa. La pili: mshale uko kwenye moja, kaandika saba. La tatu: uko kwenye kumi, kaandika nne. Nilipofika la tano niliweka miwani chini. Mtoto hakuwa amekosea hata mara moja. Alikuwa ameisoma saa kama inavyosomwa na kila mtu katika nyumba yake na mtaa wake, ambamo siku huanza kuhesabiwa jua likichomoza, wala si usiku wa manane, na kila jibu lake lilikuwa mbali na jibu la kitabu kwa saa sita kamili. Mtoto wa miaka minane alikuwa amefanya kichwani mara ishirini hesabu ambayo wageni wanaojifunza Kiswahili huitolea jasho, kisha akaambiwa kwa wino mwekundu kwamba hajui saa.

Niliendelea. Mwaka uliofuata zikaja sehemu, na hapo ndipo machozi yalipoanza. Kitabu kimechora mstatili uliogawanywa vipande sita, kikamtaka apake rangi thuluthi yake. Naye amepaka kipande kimoja tu, cha tatu kutoka kushoto, kwa uangalifu mkubwa, rangi isivuke mstari. Katika umbo la vipande vitatu alipaka pia kile cha tatu, akapata vema, na kwa vema ile kosa likazidi kujificha. Katika lile la vipande kumi na viwili alitakiwa sudusi, akapaka kipande cha sita. Niliviona vipande hivyo vimetapakaa katika kurasa nyingi, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake panapostahili kwa fikira ya mtoto, na sikuelewa mpaka nilipolisema swali kwa sauti kwa Kiingereza, ndipo nikalisikia kwa masikio yake: katika lugha ile, neno la thuluthi ndilo hilo hilo la “wa tatu”, na la sudusi ndilo la “wa sita”.

Mtoto wa Kiingereza huzaliwa ndani ya utata huo akauzoea. Lugha yetu imemwondolea mtoto wetu taabu hiyo tangu zamani, kwani “wa tatu” ni kitu kimoja na thuluthi ni kitu kingine, na baada ya thuluthi ipo robo, ipo humusi, ipo sudusi, ipo subui, ipo thumni, ipo tusui, ipo ushuri. Maneno haya hayakuingia kwetu kwa ajili ya pambo. Yaliingia na biashara na yakakaa kwa ajili ya mirathi, maana mjane wa mtu aliyeacha watoto fungu lake ni thumni, na mama wa maiti huyo fungu lake ni sudusi, na hakuna nyumba ya Kiislamu pwani ambayo haijapata kuyasikia mafungu hayo yakisomwa. Mtoto yule aliyasikia alipofariki babu yake mzaa baba. Alikuwa anazijua sehemu kabla ya kitabu kumfundisha.

Jumamosi ya pili nilimwomba dada yangu pishi aliyorithi kwa mama yetu, na kibaba chake, na mchele kidogo, nikakaa chini na binti. Tukapima. Vibaba vinne vikajaza pishi. “Basi kibaba ni nini ya pishi?” nikamuuliza. “Robo, Babu,” akajibu mara moja, kama anayeulizwa jina lake. “Na nusu ya kibaba?” Akanyamaza. Akatazama mchele, akatazama dari, midomo ikimtikisika, kisha akasema polepole: “Thumni.” Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, na alijifunika uso kwa mtandio wake, wala sikutaka kumtazama.

Usiku ule alinipigia simu. Hakuzungumza habari za vitabu. Alisema, “Mjomba, miaka miwili nilikuwa nikimtia makosa mtoto asiye na kosa. Naogopa kwamba kasoro ni mimi.” Nami nadhani, kwa niliyoyasikia kwa wazazi wengi wa namna yake, kwamba hofu hii ndiyo inayokaa chini ya swali la mtaala, kwani mzazi wa mtoto wa shule akiona mambo hayaendi humlaumu mwalimu, lakini mzazi anayesomesha nyumbani akimlaumu mwalimu hujikuta mbele ya kioo, na kuliko kusimama hapo huona afadhali kukilaumu kitabu. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi niliyepata cheti cha ualimu na kusomesha maelfu, nilisahihisha kurasa za namna ile miaka mingi na huenda nimewatia makosa wengi wasiostahili, kwa kuwa darasani nilikuwa na watoto hamsini na sikuwa na siku tatu za kulisoma daftari la mmoja. Yeye anazo. Hiyo ndiyo faida ya nyumba yake juu ya darasa langu, na ni faida kubwa.

Hapa ningeweza kusimama na kumwambia: usibadili. Kwa kuwa lau angenunua mtaala wa Kisingapore mwezi ule, saa na thuluthi zingemfuata mtoto katika kitabu kipya, ambacho nacho kimeandikwa kwa Kiingereza, na mama angeona machozi yale yale akasema kwamba mtaala huu nao haufai. Jambo hili nilitaka aliweke moyoni kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Lakini wiki ya pili nilikaa naye mtoto siku nne mfululizo akifanya yale maswali thelathini, nikayaona mengine. Maswali manane ya kwanza aliyafanya vizuri. La tisa likamtoa kwenye kugawanya likampeleka kwenye vipimo vya futi na inchi; la kumi likamuuliza sarafu za senti ishirini na tano ambazo hajapata kuzishika; la kumi na moja likamtaka joto la siku ya theluji; la kumi na mbili likamrudisha kwenye kugawanya. Kufikia la kumi na tano mkono ulikuwa ukimtetemeka, ingawa hakuna swali hata moja lililokuwa zito kwake. Kaka yake, mezani pale pale, alikuwa akiruka kutoka jambo hadi jambo kama arukaye mawe ya ufukweni, na kila mruko ukimfurahisha. Siku ya tano nilimwandikia binti maswali kumi ya jambo moja tu, kugawanya, kila moja limezidi kidogo lililotangulia. Alimaliza kwa robo saa, akaniuliza kama yako mengine.

Kumbe kitabu nacho kina sehemu yake. Yapo madhehebu mawili katika kufundisha hesabu, na wenye vitabu wamegawanyika humo. John Saxon, mwanajeshi mstaafu wa jeshi la anga la Marekani aliyekuwa akisomesha aljebra huko Oklahoma, aliona wanafunzi wake wanasahau, basi akatunga vitabu ambavyo huongeza jambo jipya kidogo kidogo na kurudia yote ya nyuma kila siku, akaanzisha uchapishaji wake mwaka 1981. Na wapo watoto wengi, kama yule kijana wetu, ambao marudio ya namna hiyo ni chakula chao. Huko Singapore serikali ilifuata njia nyingine, ikatoa mwaka 1982 vitabu vya shule za msingi ambavyo hukaa juu ya jambo moja mpaka litulie, mtoto akianza kwa vitu vya kushika, kisha picha, kisha tarakimu, kwa kufuata mafundisho ya mwanasaikolojia Jerome Bruner, na kuchora mikanda ya kuonyesha kilichopo na kinachotafutwa. Nchi hiyo ilipotokea ya kwanza kwa hesabu katika mtihani wa mataifa wa TIMSS mwaka 1995, dunia ikavitaka vitabu hivyo. Sioni kwamba mmoja ni haki na mwingine batili. Naona tu kwamba mtoto anayehifadhi sura kwa kuirudia aya moja mpaka imkae, ndipo aende ya pili, ni mtoto wa njia hiyo ya pili, na sote tulikuwa tukimwona akihifadhi kila alfajiri bila ya kuling'amua.

Ushauri wangu, basi, ulikuwa abadili, lakini abadili hesabu peke yake na kwa binti peke yake. Lugha, historia, sayansi na masomo yote yanayokwenda vizuri yasiguswe, wala kijana asiguswe kabisa, kwani anakaribia miaka ya mtihani wa Cambridge wa IGCSE, ambao watoto wa nyumbani huweza kuufanya kama watahiniwa wa binafsi kwa kujiandikisha katika kituo, na mtoto aliyebakiwa na miaka miwili au mitatu kabla ya mtihani hupangiwa vitabu kwa kutazama mtihani wenyewe. Nilimkumbusha mumewe pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anasoma shule, kwa hiyo mwenye kusomesha nyumbani na atunze madaftari, tarehe na majaribio ya watoto wake kwa uaminifu, asije akaulizwa akawa hana la kuonyesha.

Tena nilimwambia mpwa wangu asinunue miaka yote sita kwa pamoja, ijapokuwa muuzaji atampunguzia bei, bali nusu ya mwaka mmoja tu. Na kabla ya kuvileta vitabu hivyo, tupitishe wiki sita bila ya kitabu, tukitengeneza saa, vipimo na sehemu kwa Kiswahili kwanza, kisha tuyafunge maneno ya Kiingereza juu ya yale anayoyajua.

Jambo lililokuwa zito zaidi lilikuja mtoto alipofanya jaribio la kumpanga daraja, ambalo wachapaji wengi hulitoa bure na ambalo wazazi wengi hulipita. Likamweka mwaka mmoja chini ya umri wake. Uso wa mama ulibadilika. Alitaka kumweka daraja la umri wake akazane, watu wasiseme. Dada yangu, ambaye muda wote huo sikumsikia tena akitaja jembe, alimjibu kabla yangu: “Mwanangu, wewe ulirudia darasa la nne kwa ajili ya degedege, na nani leo anakumbuka?” Kwa hakika hata mimi nilikuwa nimesahau.

Wiki sita zimekwisha. Kitabu kimefika, kimoja, chembamba. Vile vya zamani vya hesabu vimebaki kwa kijana, na masomo mengine yanaendelea kama yalivyokuwa. Machozi hayajakoma kabisa. Wiki iliyopita yalikuja mara moja, kwa swali la mikanda ambalo mtoto aliyeanza na njia ile tangu darasa la kwanza angelifanya kwa sahali, na mama akafunga kitabu, wakaenda kupima unga.

Katika zile wiki, binti alitengeneza saa ya karatasi ngumu yenye duara mbili za tarakimu, ya nje akaiandikia “nyumbani” na ya ndani “kitabuni”, akaitundika ukutani chini ya saa ya kweli. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeahidi kufika saa kumi za alasiri. Nilimkuta amesimama mlangoni na mikono kiunoni, akatazama ile ya kweli, akatazama ya karatasi, akafikiri kidogo.

“Babu,” akasema, “umechelewa thumni ya saa.”

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa kumi na dakika saba, na mshale wa sekunde ulikuwa unaikaribia nusu.